Mkunga wa Hargeisa na Somo Lake Kwetu



Ndugu msomaji, Ramadhan ni mwezi wa kujihesabu. Tunahesabu juzuu tulizosoma, siku zilizotupita, na sadaka tuliyotoa. Mwaka huu hebu tuongeze hesabu moja ambayo hatupendi kuitazama: hesabu ya akina mama wanaoondoka nyumbani kwenda kujifungua wasirudi.

Baada ya sensa ya mwaka 2019, ilikadiriwa kuwa kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai nchini Kenya, akina mama 355 walikuwa wakifariki kwa sababu za mimba na uzazi. Hiyo ni nchi nzima. Ukitazama kaunti kwa kaunti, Nyeri walikuwa 67 na Garissa walikuwa 641. Nchi ni moja na kitambulisho ni kimoja, lakini hatari iliyomkabili mama wa Garissa ilikuwa zaidi ya mara tisa ya ile ya mama wa Nyeri.

Wako watakaosema hayo ni majaaliwa. Naam, uhai na mauti viko mikononi mwa Mwenyezi Mungu (S.W.), hilo halina ubishi. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) alimfundisha mtu amfunge ngamia wake kwanza ndipo atawakali. Je, sisi tumemfunga? Mama anavuja damu, hospitali iko mbali, mkunga hakuna, na mwenye kutoa ruhusa ya kumpeleka hospitali hapatikani kwa simu. Huyo ngamia hajafungwa, ndugu yangu.

Makala haya ni historia ya mwanamke mmoja wa Kiislamu, jirani yetu hapa hapa Pembe ya Afrika, aliyeyatumia maisha yake kumfunga ngamia huyo. Jina lake ni Edna Adan Ismail, mkunga wa Hargeisa. Vijana wengi hawajamsikia. Wakimaliza kusoma ukurasa huu, inshaallah watakuwa wamemjua.

TULIANZA VIZURI

Kabla hatujafika Hargeisa tupitie Madina kidogo. Maana kuna wanaodhani kuwa mwanamke kusoma utabibu, au watu kuzungumzia afya ya mwanamke, ni mambo tuliyoletewa na wazungu.

Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria (627), sahaba Saad bin Muadh (R.A.) alipigwa mshale. Mtume (S.A.W.) aliamuru awekwe katika hema la Rufaida, mwanamke wa kabila la Aslam aliyekuwa akiwatibu majeruhi. Hema hilo lilikuwa wapi? Msikitini. Leo ukitaka kuweka meza ya kupima presha kwenye uwanja wa msikiti, itabidi kwanza kamati ikae mara tatu!

Kuna pia Bi Shifaa bint Abdillahi (R.A.), mmoja wa wanawake wachache wa Kikureshi waliojua kusoma na kuandika. Alijua vilevile kutibu maradhi ya ngozi yaliyoitwa namla. Imepokewa na Abu Daud kuwa Mtume (S.A.W.) alimtaka amfundishe Bi Hafsa (R.A.) tiba hiyo kama alivyomfundisha kuandika. Tazama vilivyowekwa pamoja hapo: kalamu na tiba, mwanamke akimfundisha mwanamke mwenzake.

Naye Bi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuielewa dini yao. Walikwenda kwa Mtume wakauliza mambo ya hedhi na ya janaba bila kuzunguka. Leo wako wasichana wetu ambao hawathubutu kuyauliza hayo hata kwa mama zao. Basi tulianza vizuri. Swali ni tulipoteleza wapi, na nani amejaribu kuturudisha.

BINTI ALIYESOMA KATI YA WAVULANA

Edna alizaliwa mwaka 1937 mjini Hargeisa, wakati huo Somaliland ikiwa chini ya Waingereza. Baba yake, Adan Ismail, alikuwa tabibu aliyeheshimika sana. Hata hivyo, kuwa mke wa tabibu hakukumkinga mama yake na misiba ya uzazi: alizaa watoto watano, na wawili kati yao hawakuishi.

Shule ya wasichana haikuwepo. Baba alimwajiri mwalimu wa kuwafundisha wavulana pale nyumbani, na Edna akaachwa akae kati yao ajifunze kusoma na kuandika. Baadaye akapelekwa Djibouti, iliyokuwa ikitawaliwa na Wafaransa, ili apate shule. Zama zile wengi waliona kumsomesha binti ni kumwaga maji mchangani. Baba huyu aliona vingine.

Wakati wa likizo Edna alikuwa akimsaidia baba yake hospitalini. Alisafisha vyombo na kukata mashuka makuukuu yafanywe bandeji. Aliona jinsi baba alivyohangaika kwa uhaba wa vifaa, na hapo akapata ndoto moja ambayo hakuiacha: siku moja ajenge hospitali ambayo baba yake angefurahi kufanya kazi ndani yake.

Kuna jambo jingine la utotoni ambalo yeye mwenyewe amelieleza hadharani mara nyingi, kwa hivyo si siri. Alipokuwa na miaka kama minane, baba akiwa safarini, wanawake wa nyumbani walimfanyia tohara kama walivyofanyiwa wasichana wengine wote. Ilikuwa ile ya kukata kisha kushona, na kuachwa tundu dogo tu. Tusiseme wanawake hao walimchukia. Walimpenda. Waliamini wanamhifadhia heshima yake na kumtengenezea njia ya ndoa, kama walivyotengenezewa wao.

Baba aliporudi na kupata habari alikasirika, akahuzunika sana. Edna amesimulia kuwa huzuni ile ndiyo iliyomjulisha kwamba alichofanyiwa hakikuwa sawa. Wewe baba unayesoma, hapa simama kidogo. Baba huyu alimpenda binti yake na hakulitaka jambo hili, lakini lilifanyika nyumbani kwake yeye akiwa safarini. Kuchukia moyoni peke yake hakukutosha. Tutalirudia hili.

MIAKA SABA UINGEREZA, NA KAZI BILA MSHAHARA

Mwaka 1954 Edna alipata udhamini wa masomo akaenda Uingereza. Alisomea uuguzi na ukunga, akaanzia Borough Polytechnic jijini London, akakaa huko miaka saba. Mwaka 1961 alirejea nyumbani. Bendera ilikuwa imebadilika: Somaliland ilipata uhuru tarehe 26 Juni 1960, na siku chache baadaye, tarehe 1 Julai, ikaungana na ile Somalia ya Waitaliano.

Alirudi akiwa Msomali wa kwanza mwanamke kufuzu uuguzi na ukunga kwa masomo ya aina hiyo. Ungetarajia apokewe kwa ngoma na vigelegele, si ndio? La. Serikali mpya haikuwa na nafasi ya mwanamke katika kazi ya cheo chake. Akafanya kazi karibu miaka miwili bila mshahara. Angeweza kufunga virago akarudi London, ambako kazi haingemkosa. Alibaki wadini, kwa sababu akina mama waliokuja na uchungu wa kuzaa hawakuwa na mwengine wa kuwapokea.

Vijana wetu wanaomaliza chuo na kukaa miezi sita bila ajira, najua uchungu huo si mchezo, na wala sisemi watu wafanyiwe dhulma wakanyamaza. Nasema tu kwamba elimu ya mwanamke huyu ilianza kuwafaa watu kabla serikali haijaikubali.

Mwaka 1963 aliolewa na Mohamed Haji Ibrahim Egal, ambaye mwaka 1967 alikuwa Waziri Mkuu wa Somalia. Mkunga akawa mke wa Waziri Mkuu. Haikudumu. Tarehe 21 Oktoba 1969 jeshi la Siad Barre lilipindua serikali, Egal akatiwa kizuizini. Edna alirudi kwenye kazi yake. Vyeo vinakuja na kwenda, lakini ujuzi ulio mikononi mwako hakuna jeshi linaloweza kuupindua.

SAUTI YA MWAKA 1976

Mwaka 1976 Edna alikuwa mkurugenzi katika Wizara ya Afya mjini Mogadishu. Mwaka huo alifanya jambo ambalo halikuwa likifanywa: alisimama mbele ya watu akazungumza waziwazi juu ya madhara ya tohara ya wanawake. Neno lenyewe lilikuwa halitamkwi hadharani. Watu walishtuka. Mwanamke mwenye heshima zake, tena aliyewahi kuwa mke wa Waziri Mkuu, anataja mambo hayo kwenye kipaza sauti!

Lakini yeye alikuwa akizungumza mambo aliyoyaona kwa macho yake wadini, mwaka baada ya mwaka. Tuyaeleze kwa adabu, kwa maana hakuna haya katika kujifunza. Mwili wa mwanamke umeumbwa na Mola utanuke wakati wa kuzaa. Palipokatwa na kushonwa hubaki kovu, na kovu halitanuki. Mtoto anakwama. Mama anapambana na uchungu saa nyingi kupita kiasi, anachanika vibaya, anavuja damu. Mtoto anakosa hewa. Wengine wakinusurika hubaki na fistula, wanavuja mkojo bila kujizuia, na baadhi yao hufukuzwa na waume zao kwa sababu ya harufu ambayo wao hawakuitafuta.

Miaka thelathini baadaye, mwaka 2006, Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wa akina mama 28,393 waliojifungua katika hospitali za nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo. Wale waliofanyiwa tohara kali zaidi walikuwa na hatari ya kuvuja damu nyingi baada ya kuzaa iliyozidi kwa asilimia 70 ile ya wasiofanyiwa. Upasuaji nao ulizidi kwa asilimia 30. Watoto wao pia walikufa zaidi. Kwa hivyo yale ambayo mkunga aliyasema Mogadishu mwaka 1976 yalikuja kuthibitishwa kwa hesabu.

Na hakuwa peke yake. Madaktari na wakunga wa Sudan nao walikuwa wakisema. Mwaka 1979 Shirika la Afya Duniani liliitisha mkutano mjini Khartoum kuhusu mila zinazodhuru afya ya akina mama na watoto. Kulikuwa na rai kwamba labda ifanywe tohara nyepesi hospitalini, kwa dawa na usafi. Wajumbe waliikataa rai hiyo wakapendekeza mila hii iachwe kabisa. Kumbuka kuwa waliosema hivyo wengi wao walikuwa watu wa nchi zenyewe, wenye mama na dada waliopitia hayo.

JE, NI DINI?

Hapa ndipo penye mzizi, na lazima tuseme kwa uadilifu. Si haki kumwambia msomaji kuwa vitabu vya fiqhi havikuitaja tohara ya wanawake. Viliitaja. Wanazuoni wa zamani walikhitilafiana: wako walioiita sunna, wako walioiona ni jambo la heshima tu, na katika madhehebu yetu ya Shafii wako walioandika kuwa ni wajibu. Kijana akiambiwa hayo hayapo, kisha akayakuta kitabuni, atamuona mhubiri ni mwongo.

Lakini soma mpaka mwisho. Walichokitaja wanazuoni ni kitu kidogo sana, na wakahimiza kutopita kiasi. Kukata kila kitu na kushona hakuna mwanachuoni aliyekuhalalisha. Hadithi inayotegemewa sana katika mlango huu, ile ya mwanamke wa Madina aliyekuwa akitahiri, Abu Daud mwenyewe aliyeipokea ameeleza kuwa ni dhaifu. Na wanazuoni waliojenga hukumu zao zamani hawakuwa na hesabu za wadi za uzazi mbele yao. Dini yetu ina msingi unaojulikana na kila mwanafunzi wa fiqhi: mtu asidhuru wala asidhuriwe. Madhara yakithibiti, hukumu huangaliwa upya.

Ndivyo walivyofanya wanazuoni waliokutana Al-Azhar, Cairo, mwezi wa Novemba 2006, wakaiita mila hii ni madhara yanayopaswa kukomeshwa. Na mwaka 2018, huko huko Somaliland kwa Edna, Wizara ya Mambo ya Dini ilitoa fatwa ya kuharamisha aina kali, ile ya kushona. Fatwa hiyo haikuondoa aina zote, na watetezi wengi hawakuridhika nayo. Lakini pima mwendo: mwaka 1976 neno halitamkwi, mwaka 2018 linatolewa fatwa.

Na jina lenyewe linasema. Wasomali huiita ile tohara kali tohara ya kifirauni. Ya Firauni! Tangu lini Firauni akawa mwalimu wetu wa sunna? Ungekuwa Uislamu ndio umeileta, mbona Waislamu wengi wa Uturuki na Moroko hawaijui, na hapa kwetu Waswahili wengi wa pwani hawaifanyi, ilhali makabila yasiyo ya Kiislamu hapa Kenya yalikuwa nayo tangu mababu? Ni mila iliyovaa kanzu ya dini. Kuivua kanzu hiyo ni kazi yetu sisi wenyewe.

HOSPITALI JUU YA JALALA

Edna aliendelea na kazi katika Shirika la Afya Duniani, na kuanzia 1991 hadi 1997 alikuwa mwakilishi wake nchini Djibouti. Wakati huo mji aliozaliwa ulikuwa umevunjwa. Mwaka 1988 majeshi ya Siad Barre yaliipiga Hargeisa kwa mabomu mpaka ikawa magofu, watu wakakimbilia kambi za Ethiopia. Wauguzi na wakunga waliosalia walikuwa wachache mno.

Mwaka 1997 alistaafu. Wengi wetu tukistaafu tunatafuta kivuli. Yeye alirudi Hargeisa na malipo yake ya uzeeni, akauza gari lake na vito vyake, akapewa kiwanja kilichokuwa jalala, mahali palipokuwa na sifa mbaya tangu siku za vita. Akaanza kujenga hospitali ya uzazi. Waliomuona walidhani mama huyu akili zimemtoka. Wengine, wa karibu na wa mbali, Waislamu na wasio Waislamu, walipoona amefika nusu wakamchangia.

Hapa kuna jambo naomba vijana mlishike. Hospitali ilifunguliwa tarehe 9 Machi 2002. Lakini mwaka 2000, kuta zikiwa hazijakamilika, Edna alikuwa ameshaanza kuwafundisha wasichana uuguzi. Alijua kuwa jengo bila mtu mwenye ujuzi ni ghala tu. Baadaye akajiwekea lengo la kufundisha wakunga 1,000, wakahudumie miji na vijiji. Binti aliyefundishwa ukunga akirudi kwao, anarudi na lugha ya watu wake. Anajua nani ni mama mkwe wa nani, na nani ana sauti nyumbani. Akisema „huyu apelekwe hospitali sasa hivi“, anasikilizwa. Akisema „msimkate mtoto huyu“, haonekani mgeni aliyetumwa.

Mafunzo hayo yalikua mpaka yakazaa chuo kikuu kinachobeba jina lake. Katikati ya hayo alishika pia uwaziri, ukiwemo wa Mambo ya Nje wa Somaliland kati ya 2003 na 2006. Mwaka 2023 alitunukiwa Tuzo ya Templeton, tuzo kubwa ya kimataifa, akiwa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuipata. Amesema mara nyingi kuwa imani yake ya Kiislamu ndiyo inayomsukuma.

SASA SISI HUKU KENYA

Usije ukasema hayo ni ya Hargeisa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003 ulionyesha asilimia 32 ya wanawake wa Kenya wa umri wa kuzaa walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2022 ilikuwa asilimia 15. Alhamdulillahi, nchi imesogea. Lakini kati ya dada zetu wa Kisomali, utafiti wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 94. Sheria ipo: ya Watoto ya mwaka 2001 ilikataza kwa wasichana wadogo, na ile ya mwaka 2011 ikakataza kwa wote. Sheria ni ngao, tunaishukuru, ila haijaingia katika kila nyumba. Palipo na imani kuwa ni dini, watu humficha mtoto, au humvusha mpaka usiku.

Vivyo hivyo kwa uzazi. Juni 2013 serikali iliondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma, kisha ukaja mpango wa Linda Mama. Tangu Oktoba 2024 huduma hizo zimehamia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na mama anatakiwa awe amejiandikisha na michango yake imelipwa. Ni wangapi mtaani kwako wamejiandikisha? Wataalamu wa uzazi husema mama huuliwa na kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Ile ya tatu ni ya serikali zaidi, na tuidai bila kuona aibu, kwa kura na kwa barua. Ile ya pili ni yetu na serikali. Lakini ile ya kwanza, kuchelewa kuamua, iko sebuleni kwetu.

Basi tufanye nini? Nitataja machache ambayo jumuiya yoyote ya vijana inaweza kuyaanza kabla ya Idd.

Kwanza, binti asome, na asome sayansi. Tunalalamika hospitalini wanawake wetu wanahudumiwa na wanaume. Haya basi, wakunga wa kike wa Kiislamu watatoka wapi ikiwa binti anatolewa shule akiwa darasa la nane? Vyuo vya KMTC viko Mombasa, viko Garissa. Kila Ramadhan tunachanga fedha za futari na za mazulia. Mwaka huu jumuiya yako ichange karo ya binti mmoja asomee ukunga. Hiyo ni sadaka ambayo thawabu zake, inshaallah, zitaendelea kila anapomshika mtoto aliyezaliwa salama.

Pili, maimamu na maustadh wetu. Tunawaomba kwa heshima, Ijumaa moja ya mwezi huu iwe ya afya ya mama. Waseme wazi kuwa tohara ya kifirauni si dini. Wawakumbushe pia akina mama wajawazito na wanaonyonyesha kuwa wakihofia nafsi zao au watoto wao, wana ruhusa ya kufungua, na watafute maelezo ya jinsi ya kulipa siku hizo. Wasiache kwenda kliniki kwa sababu ni Ramadhan. Rukhsa ni zawadi ya Mola, na zawadi hairudishwi.

Tatu, akina baba. Kumbuka baba wa Edna, aliyechukia lakini neno lake halikuwepo siku alipokuwa hayupo. Usingoje. Sema leo, mbele ya mkeo, mama yako na dada zako: binti zangu wasiguswe. Na mkeo akiwa mjamzito, weka ruhusa mapema, weka nauli mapema, na namba ya dereva ijulikane na kila mtu nyumbani. Uchungu wa kuzaa haungoji mtu arudi safari.

Nne, vijana wa kiume. Mama anayevuja damu anahitaji damu, na damu haitengenezwi kiwandani. Baada ya futari na kabla ya kulala kuna saa nyingi. Zungumzeni na watu wa benki ya damu waje siku moja jioni, mjitolee. Wenye simu zenu za kisasa, kaeni nje ya msikiti baada ya tarawehe muwaandikishe wazee na akina mama katika SHA. Hizo ni rakaa za aina yake.

Tano, dada zangu. Uliza. Wanawake wa Kiansari waliuliza, wakasifiwa. Ulichojifunza kliniki usikifiche, mfundishe mwenzako, kama Bi Shifaa alivyomfundisha Bi Hafsa.

Edna hakuanza na hospitali. Alianza na baba aliyemruhusu akae darasani, kisha ujuzi, kisha ujasiri wa kusema mbele ya watu wake mwenyewe, na jengo likaja mwisho. Sisi mara nyingi tunaanza na jengo, tukakata utepe, tukapiga picha, kisha tukashangaa kwa nini akina mama bado wanakufa. Mpango wake ndio wa kuiga.

Ewe Mola, wahifadhi mama zetu wanapotuzaa na dada zetu wanapozaa. Warehemu waliokutangulia katika uzazi, na wakubalie kuwa ni mashahidi. Wajaalie mabinti zetu elimu yenye manufaa, na utujaalie sisi moyo wa kuwaachia njia. Utukubalie saumu zetu na utufikishe Idd salama. Amin.

Ramadhan Karim.